Hesabu za Mitungi: Namna ya Kumimina na Kuchanganya Bila Kubahatisha Jibu

Swali ni lilelile kila muhula, kinachobadilika ni mitungi tu. Leo ni maziwa na maji, kesho rangi nyeupe na nyekundu, keshokutwa spiriti na maji. Nafundisha hesabu jioni hapa Nakuru, na ikifika saa mbili usiku picha zinaanza kuingia kwenye simu: "Mwalimu, hii ya kumimina na kurudisha imenishinda." Juzi mzazi mmoja ameniandikia kwamba yeye na kijana wake wamekesha na swali moja siku mbili, na kila mmoja ana jibu lake. Nimeona niandike mara moja, ukikwama nikutumie hii.

Kwa wale wa 8-4-4, mada hii iko kidato cha tatu, pamoja na uwiano na kasi ya kazi. Mtihani utakuja kwa Kiingereza, sawa, lakini mtungi haujui lugha. Elewa kwanza, kutafsiri si kazi.

Kabla ya kuanza

Uwe na:

- Daftari, penseli na rula. Penseli, si kalamu, kwa sababu utachora jedwali.
- Glasi mbili zinazolingana, kijiko kimoja, na juisi ya rangi, ile ya kuchanganya na maji. Hizi ni za baadaye.
- Uwezo wa kujumlisha na kuzidisha sehemu. Kama 1/3 ya 12 bado inakusumbua, funga ukurasa huu, rudi kwenye sehemu kwa siku mbili, kisha uje.

Kalkuleta iweke mbali kwa sasa. Nitaeleza sababu.

Nadharia ni hii tu: mchanganyiko uliokorogwa vizuri unafanana kila mahali. Kama theluthi ya ndoo ni maziwa, basi theluthi ya kikombe utakachochota ni maziwa, na theluthi ya kijiko vilevile.

Hatua kwa hatua: kumimina na kurudisha

Tutumie swali hili. Mtungi A una lita 12 za maziwa. Mtungi B una lita 8 za maji. Lita 4 zinamiminwa kutoka A kwenda B, zinakorogwa, kisha lita 3 za mchanganyiko zinarudishwa A. Je, asilimia ngapi ya kilichomo A sasa ni maziwa?

1. Chora mitungi miwili na uandike kilichomo. Usidharau hatua hii. Wengi wanaokosea hawajashindwa na hesabu, wamesahau nani alimmiminia nani.

2. Chagua kitu kimoja cha kufuata. Hapa chagua maziwa. Maji yaache, yatajileta yenyewe kwa kutoa. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu. Anayejaribu kufuata maziwa na maji kwa pamoja ni kama mtu anayechunga ng'ombe wawili waliokatiza barabara pande tofauti. Swali likiwa la kuongeza maji tu, fuata kile kisichoongezwa.

3. Chora jedwali. Kila mtungi una nafasi mbili: ujazo wote, na maziwa yaliyomo ndani ya ujazo huo. Kila unapomimina, andika mstari mpya. Usifute mstari wa zamani, utauhitaji.

| | A: ujazo | A: maziwa | B: ujazo | B: maziwa |
|---|---|---|---|---|
| Mwanzo | 12 | 12 | 8 | 0 |
| Baada ya lita 4 kwenda B | 8 | 8 | 12 | 4 |
| Baada ya lita 3 kurudi A | 11 | 9 | 9 | 3 |

4. Kabla ya kumimina kutoka kwenye mchanganyiko, tafuta sehemu yake. Mstari wa pili unaonyesha B ina lita 12, na 4 kati ya hizo ni maziwa. Sehemu ya maziwa ni 4/12, yaani 1/3.

5. Zidisha sehemu hiyo kwa lita zinazomiminwa. 1/3 × 3 = 1. Kwa hiyo katika lita 3 zinazorudi A, lita 1 ni maziwa. Mbili zilizobaki ni maji.

6. Toa huku, ongeza kule. Maziwa ya B yanatoka 4 na kuwa 3, ya A yanatoka 8 na kuwa 9. Ujazo nao unabadilika: B kutoka 12 hadi 9, A kutoka 8 hadi 11.

7. Kagua kabla ya kujibu. Maziwa yote: 9 + 3 = 12, kama mwanzo. Ujazo wote: 11 + 9 = 20, kama mwanzo. Hakuna kilichomwagika njiani. Jumla zikikataa, usiendelee mbele, rudi mstari mmoja nyuma.

8. Sasa soma swali tena, ujibu lilichouliza. Limeuliza asilimia ya maziwa ndani ya A: 9/11 × 100, yaani karibu 81.8. Nimeona daftari safi kabisa, kila mstari sawa, halafu mtoto anaandika jibu "lita 9". Alama inapotea mlangoni.

Onyo: kosa linaloongoza liko hatua ya 5. Mtu anarudisha lita 3 na kuzihesabu zote kuwa maji, eti kwa sababu zinatoka "mtungi wa maji". Baada ya mmimino wa kwanza, mtungi wa maji haupo tena. Upo mtungi B wenye mchanganyiko.

Na sababu ya kuweka kalkuleta mbali ni hiyo 1/3. Ukiigeuza kuwa 0.33 mapema, lita 3 zitakupa maziwa 0.99, na jibu la mwisho litatoka 81.7 badala ya 81.8, wala ukaguzi wa hatua ya 7 hautakuonyesha kosa hilo. Bakia na sehemu hadi mstari wa mwisho.

Zile glasi mbili

Weka vijiko 10 vya juisi kwenye glasi moja, vijiko 10 vya maji kwenye nyingine. Hamisha vijiko 2 vya juisi kwenda kwenye maji, koroga, kisha rudisha vijiko 2 vya mchanganyiko. Uliza walio mezani: je, kuna maji mengi zaidi ndani ya juisi, au juisi nyingi zaidi ndani ya maji?

Kwangu nilipofanya hivi, binti yangu aliinua glasi zote mbili kwenye taa, akaitazama ile iliyogeuka waridi, akasema juisi ndiyo imeingia kwa wingi, "si unaiona?" Macho yanadanganya hapo, kwa sababu rangi inaonekana kwenye maji kuliko maji yanavyoonekana kwenye rangi. Hesabu inasema hivi: baada ya mmimino wa kwanza glasi ya maji ina vijiko 12, na 2 ni juisi, yaani 1/6. Vijiko 2 vinavyorudi vina juisi 1/3 ya kijiko na maji kijiko 1 na 2/3. Juisi iliyobaki kwenye maji ni 2 toa 1/3, yaani kijiko 1 na 2/3. Zinalingana kabisa.

Tena zingelingana hata usingekoroga. Kila glasi imerudi kwenye vijiko 10. Juisi yoyote iliyotoka, nafasi yake imechukuliwa na maji yaleyale yaliyokosekana upande wa pili. Swali likikwambia ujazo umerudi ulivyokuwa, jibu la aina hii unalipata bila jedwali.

Kuchanganya ili ufikie kiwango fulani

Hii ndiyo aina ninayoipenda, maana hapa kwetu si ya mtihani tu. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkeno, na meno ya kahawia ya watu wengi wa Nakuru na Gilgil yametokana na maji hayo. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kisipitwe ni miligramu 1.5 kwa lita. Dayosisi Katoliki ya Nakuru imejulikana kwa vichujio vinavyotumia mifupa iliyochomwa kuondoa floraidi. Njia nyingine ni kuchanganya maji ya kisima na ya mvua.

Tuseme kisima kina miligramu 6 kwa lita, maji ya mvua hayana floraidi, na unataka pipa la lita 200 lenye 1.5.

1. Tafuta floraidi yote inayoruhusiwa ndani ya pipa: 200 × 1.5 = miligramu 300.
2. Uliza, lita ngapi za kisima zinaleta miligramu 300? 300 ÷ 6 = 50.
3. Zilizobaki ni mvua: lita 150.

Umeona tumefuata nini? Floraidi peke yake. Maji hatukuyagusa hadi mwisho.

Sasa tuseme badala ya mvua una maji ya bomba yenye 0.5. Hapo pande zote mbili zinaleta floraidi, kwa hiyo tumia tofauti. Kutoka kisima (6) hadi lengo (1.5) ni 4.5. Kutoka bomba (0.5) hadi lengo ni 1. Vibadilishe nafasi: kisima sehemu 1, bomba sehemu 4.5. Aliye mbali na lengo ndiye anayeingia kidogo. Jumla ya sehemu ni 5.5, na 200 ÷ 5.5 ni karibu 36.4, hizo ndizo lita za kisima.

Onyo: wengine hapa wanakadiria hadi 37 kwa kuwa kisima kikiongezwa maji ya bomba yanaokolewa. Kagua: 37 × 6 = 222, na 163 × 0.5 = 81.5, jumla 303.5. Umepita 300. Chukua 36, utapata 298. Kiwango kikiwa cha afya, kadiria kuelekea upande wa usalama, hata kama mwalimu wa darasani alikufundisha nusu kwenda juu.

Na kwa anayefikiri kuchemsha kutasaidia: kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi haiondoki. Maji ndiyo yanayoondoka kwa mvuke. Lita 5 zenye miligramu 2 kwa lita zina miligramu 10. Zikichemka hadi zibaki lita 4, zile 10 bado zimo, na sasa ni 2.5 kwa lita. (Namba za kisima chako zitoke maabara, usizikisie kwa ladha.)

Kutoa na kujaza tena

Mchuuzi ana mtungi wa lita 20 za maziwa. Anatoa lita 4, anajaza maji. Anakoroga, anatoa tena lita 4, anajaza maji. Anarudia mara ya tatu. Maziwa yaliyobaki ni kiasi gani?

Jibu la haraka ni 20 toa 12, lita 8. Si kweli. Mara ya kwanza tu ndipo alipotoa maziwa matupu, zile nyingine alitoa maziwa na maji. Kila mara anaondoa 1/5 ya kilichomo, kwa hiyo inabaki 4/5:

20 → 16 → 12.8 → 10.24

Kila mshale ni kuzidisha kwa 4/5, basi.

Hiyo njia ya "sehemu inayobaki" inafungua hata maswali ya kinyumenyume. Lita 40 za mchanganyiko zina maziwa asilimia 60. Zitolewe lita ngapi, zijazwe maji, ili yabaki asilimia 45? Kutoka 60 hadi 45 ni 45/60, yaani 3/4 imebaki. Basi 1/4 imetolewa: lita 10. Watu wanaweka x na kujaza ukurasa mzima kwa swali la mistari miwili.

Nilijua uchungu wa hesabu hii kabla sijaijua hesabu yenyewe. Nyumbani tulikuwa na ng'ombe wawili, na siku moja tukarudishiwa maziwa yetu kwenye kituo cha kukusanyia kwa sababu laktomita, kile kifaa cha kupima uzito wa maziwa kwa ujazo wake, ilisoma chini. Ndugu yangu alikuwa ameosha mtungi na kuacha maji chini, akaapa ni "kidogo tu". Maziwa ya ng'ombe huwa karibu kilo 1.030 kwa lita. Chukua lita 9 za maziwa, 9.27 kilo, ongeza lita 1 ya maji, kilo 1: lita 10 zina kilo 10.27, yaani 1.027. Laktomita inashuka kutoka 30 hadi 27. Yule wa kituo haoni maji, anaona hizo tatu zilizopotea.

Zile za kupima bila kuchanganya

Una mtungi wa lita 5 na wa lita 3, unataka lita 4 kamili. Hakuna mchanganyiko hapa, ni mchezo wa nafasi. Jaza wa 5, jaza wa 3 kutoka kwake, zinabaki 2. Mwaga wa 3, weka humo zile 2. Jaza wa 5 tena, mimina kwenye wa 3 hadi ujae: inaingia lita 1, zinabaki 4. Ukipewa mitungi ya 4 na 6 na kuambiwa upate 5, usihangaike. Vyote viwili vinagawanyika kwa 2, utapata namba shufwa tu hadi kesho.

Mitego ya maneno

Uwiano wa maziwa kwa maji 3:2 haumaanishi maziwa ni 3/2 wala 2/3. Ni 3 kati ya 5.

"Ongeza maji lita 10" na "ongeza maji hadi lita 10" ni maswali mawili tofauti. Pigia mstari hilo neno dogo.

Jiki ikiwa asilimia 3.5 kwenye lebo, na unataka 0.5, 3.5 ÷ 0.5 ni 7. Hiyo 7 ni jumla: jiki kipimo 1, maji vipimo 6. Anayeweka maji 7 amekosea. (Na ukiwa na jiki mkononi usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya sumu.)

Asilimia hazijumlishwi na kugawanywa kwa mbili. Lita 3 za asilimia 20 na lita 6 za asilimia 50 hazitoi 35. Zinaleta lita 0.6 na lita 3, jumla 3.6 katika 9, yaani asilimia 40.

Ukikwama

*Jibu limetoka nje ya mipaka.* Ukichanganya asilimia 20 na asilimia 50, jibu lazima liwe katikati yake. Ukipata 55, au umegawanya kinyume, au umeongeza kitu mara mbili.

*Umepata hasi.* Mara nyingi umemimina zaidi ya kilichomo. Soma tena, huenda swali lilisema mililita nawe ukaandika lita.

*Ujazo unakubali lakini maziwa yanakataa.* Kosa liko hatua ya 6: maziwa uliyotoa mtungi mmoja si yale uliyoongeza kwenye mwingine. Na sehemu ihesabiwe upya baada ya kila mmimino, maana kosa hilo ukaguzi haulioni.

*Swali halijatoa ujazo, limetoa uwiano tu.* Jipe ujazo wako, ule unaogawanyika vizuri. Kama ni 3:2 na 4:1, chukua lita 5 kwa kila mmoja, au 10. Jibu la uwiano halitabadilika, mradi swali limesema zinachanganywa kwa kiasi sawa.

*Umejaribu kwa vitu vya kweli na ujazo umepungua.* Kama ni spiriti na maji, hujakosea. Mililita 50 za spiriti safi na 50 za maji hazifiki 100, zinaishia karibu 97, maana chembe zinaingiliana. Muhoroni, wanakotengeneza spiriti kutoka kwa molasi ya miwa, hilo si la kushangaza. Kwenye mtihani lisahau, jumlisha kawaida.

Jaribu haya kabla hujanitumia picha

1. A ina lita 15 za chai ya rangi, B lita 10 za maziwa. Lita 5 za A zinaenda B, zinakorogwa, lita 6 zinarudi A. Chai ni asilimia ngapi ya A?
2. Pipa la lita 100, kisima chenye miligramu 4 kwa lita, mvua isiyo na floraidi, lengo 1.5. Lita ngapi za kisima?
3. Lita 25 zina maziwa na maji kwa 4:1. Uongeze maji kiasi gani iwe 2:1?

Majibu: la kwanza asilimia 75. La pili lita 37.5. La tatu lita 5, maana maziwa hayaongezeki: ni 20 mwanzo na 20 mwisho, kwa hiyo maji yanatakiwa yawe 10.